Mita Moja ya Maji

Tangu mwaka 2025 polo ya majini ya wanaume inachezwa kwenye uwanja mfupi zaidi. Shirikisho la michezo ya majini duniani, World Aquatics, liliupunguza urefu wake kutoka mita 30 hadi 25, na muda wa timu kukaa na mpira kabla ya kupiga langoni ukashuka kutoka sekunde 30 hadi 25. Mtazamaji anaweza asione tofauti kubwa, lakini mchezaji anaiona mara moja. Mkishautoa mpira langoni kwenu, mkaogelea hadi upande wa pili na kujipanga, mnabakiwa na sekunde kumi na kitu tu, na ndani ya sekunde hizo lazima mmoja wenu awe amemtoka beki wake. Asipopatikana, muda unakwisha na mpira unakuwa wa wapinzani.

Vijana ninaowanoa hapa Mombasa walipotazama mechi za sheria mpya waliniuliza, "Kocha, kwa hivyo sasa ni mbio tu?" Mmoja wao, mwenye mabega mapana, alisema yeye anaona ni nguvu. Niliwaambia si mbio na si nguvu, na kwa kuwa jibu kama hilo halimtoshi kijana, ilibidi niwasimulie miaka yangu ya Hungary. Huko ndiko nilikojifunza namna mtu anavyopata mita moja ya maji kati yake na mtu aliyepania kumzuia. Ukiwa na mita hiyo unapokea mpira kifua kikiwa juu ya maji, unaliona lango na unapiga. Ukiikosa, hata uwe na mkono mzito namna gani, shuti lako litaishia kwenye kiganja cha beki.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila timu ina wachezaji saba majini, kipa akiwa mmoja wao, na wanacheza vipindi vinne vya dakika 8. Maji yana kina kisichopungua mita 1.80 na hakuna anayeruhusiwa kukanyaga chini isipokuwa kipa akiwa langoni kwake. Mpira unashikwa kwa mkono mmoja, isipokuwa na kipa. Ule wa wanaume una uzito wa gramu 400 hadi 450. Kwa hiyo mtu anaogelea, anapigana mieleka, anadaka na kurusha, na muda wote huo hana pa kuweka wayo.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Nilijifunza kuogelea Bandari ya Kale, maji yakijaa alasiri, watoto wa mitaa yote wakijirusha kutoka kwenye ngazi. Mchezo wetu ulikuwa kukamatana. Aliyekamatwa upesi mara nyingi alikuwa mwogeleaji mzuri, ila alikimbia njia moja tu, na anayemfukuza akajua pa kumngojea. Walioponyoka walimngoja mkamataji afike karibu kabisa, wakamwacha anyooshe mkono, ndipo wakageuka. Mkono ukishanyooshwa mwili mzima umeufuata, na majini huwezi kuurudisha mwili kwa ghafla kama unavyorudi nyuma hatua moja kwenye mchanga. Ami yangu, aliyekuwa mvuvi, alituachia onyo moja kuhusu mkondo wa mlango wa bahari: usishindane nao uso kwa uso, ukate kwa ubavu. Alikuwa akizungumzia uhai wetu, hakuwa na habari na polo.

Hungary nilikwenda kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, Stipendium Hungaricum, ambao Wakenya wengi wamesomea. Nilipelekwa Szeged, mji wa kusini ulio kando ya mto Tisza, karibu na mpaka wa Serbia. Hungary haina bahari. Ina chemchemi za maji moto, mabwawa hadi katika miji midogo, na wanaume wake wametwaa dhahabu 9 za Olimpiki katika polo ya majini; hakuna taifa lililofikia hapo. Timu ya wanafunzi niliyojiunga nayo ilifundishwa na mzee aliyewahi kucheza ligi ya huko. Wachezaji walimwita bácsi, kwa heshima ile ile ambayo sisi tunamwita mtu wa rika lake ami, nami nikamwita hivyo hivyo.

Mwanzo hakunipa mpira kabisa. Alinipa kazi ya miguu. Katika polo mtu hukanyaga maji kwa namna ya peke yake: ameketi wima kama aliye kitini, magoti yametanuka, mguu wa kulia unachora duara kwenda upande wake, wa kushoto unachora la kwake, kwa zamu, bila kupumzika. Kwa kuwa miguu haipigi pamoja, mwili haupandi na kushuka. Unatulia juu, na mikono inabaki huru. Maji matamu ya bwawani hayakubebi kama yanavyokubeba ya chumvi, na jioni zile nilielewa ni kiasi gani bahari ilikuwa imenisaidia maisha yangu yote. Bácsi alitupanga wawili wawili, mikono juu, vifua vikigusana, na kutuamuru tusukumane kwa miguu peke yake hadi mmoja arudi nyuma. Nilipangwa na mwenzangu mwembamba, mwanafunzi wa famasia, naye alinirudisha hadi ukutani bila uso wake kubadilika.

Zoezi hilo lilinionyesha jambo ambalo baadaye nililiona katika kila mechi. Mwenzangu hakuwa na nguvu kunizidi. Nyonga zake zilikuwa juu kuliko zangu. Majini, mtu ambaye miguu yake imening'inia wima chini yake ni mzigo. Kabla hajakwenda popote lazima kwanza ainue nyonga ili mwili ulale, na hapo ameshapoteza nusu sekunde. Ambaye nyonga zake zimekwisha kuinuka anaondoka papo hapo. Kwa hiyo kazi ya kumtoka beki huanza kabla ya chenga yoyote: wewe ukae nyonga juu, na umfanye yeye asimame wima. Nusu sekunde ile ndiyo inayozaa mita moja.

Kumfanya beki asimame wima kunafundishika. Nitaeleza ile niliyoifanyia kazi zaidi, kwa sababu nilichezeshwa winga na ndiyo silaha ya winga. Mpira uko kwa mwenzako katikati. Wewe uko pembeni, beki yuko kati yako na lango, mkono wake mmoja kifuani kwako. Unaogelea kumwendea, viharusi viwili au vitatu vya nguvu, kichwa juu, kwa nia inayoonekana kabisa ya kumpita kwenda langoni. Lazima arudi, asiporudi utampita kweli. Pale tu anapoanza kurudi, unavuta magoti yote mawili kuelekea kifuani, unageuza nyonga upande, unafungua miguu na kupiga teke moja kubwa la kichura linalokurudisha ulikotoka. Mwili wako unatoka kwa ubavu, bega la mkono wa kupigia limeshaelekea lango, mkono umeshainuliwa kuomba mpira. Beki bado anasukumwa na mwendo wake mwenyewe kuelekea lango lake. Mpira ukitua kiganjani wakati huo, uko peke yako.

Wengi wakifundishwa hilo huiga sehemu ya mwisho tu, ule mruko wa kurudi nyuma. Bila kumwendea beki kwanza kwa ukweli, mruko hauna faida; atakufuata tu kwa kuunyoosha mkono wake. Bácsi alisimamisha zoezi kila alipoona mtu anaogelea viharusi vya kwanza kwa ulegevu. Kwake ilikuwa lazima ukusudie kumpita beki, na uwe tayari kumpita asiporudi. Aliichukia chenga isiyo na nia.

Mkono nao una masharti. Unaruhusiwa kuguswa na kugusa, kwa hiyo kigasha chako kinaweza kukaa kifuani kwa beki kikikupa habari: anaegemea wapi, ameanza kurudi, amelegea. Lakini kujisukuma kutoka mwilini mwake ni faulo, na mpira unakwenda kwao. Mwamuzi hawezi kuona yote yanayofanyika chini ya maji, hivyo hutazama kiwiko. Kikinyooka, filimbi inalia. Tulifundishwa kukiacha kiwiko kimekunjwa na kuiachia miguu kazi yote ya kuondoka. Kwa mchezaji mchanga hili ndilo gumu kupita yote, kwa sababu mkono uko karibu na akili na miguu iko mbali.

Kabla ya mechi yangu ya kwanza ya mashindano bácsi alinivuta kando na kupitisha kidole begani kwangu. Majira ya baridi ya Hungary hukausha ngozi hadi ikapasuka, na mama yangu alikuwa akiniletea mafuta ya nazi kwa kila aliyesafiri. Bácsi alijua. Aliniambia niende nikaoge kwa sabuni, mwili mzima, kabla waamuzi hawajaanza ukaguzi, kwa maana sheria inakataza mafuta mwilini. Mtu aliyepakaa mafuta hashikiki, na anayemtoka beki kwa utelezi amemwibia. Waamuzi walipopita walituangalia kucha pia, mmoja mmoja. Kucha ndefu hazikubaliki kwa kuwa huchana ngozi. Nilifurahi kuona mchezo unaosifika kwa ukali ukilinda usawa kwa mambo madogo namna hiyo. Tangu hapo nimefundisha hivyo hivyo: nafasi unayoipata iwe umeipata kwa kuogelea.

Katika mechi yenyewe nilikabwa na mtu mzima, mchezaji wa zamani aliyerudi kucheza kwa kupenda, mzito na mtulivu. Chenga zangu alizisoma zote. Nilipopata mpira alinikumbatia kwa nyuma, na kila nikizidi kuung'ang'ania ndivyo alivyozidi kunididimiza. Kutoka ukingoni bácsi alipiga kelele: uachie! Niliuachia mpira ukaelea, kama kiganja kimoja tu kutoka mkononi, na filimbi ikalia palepale. Mwenye mpira mkononi anaweza kushikwa na kuvutwa. Huo ni uhalali wa beki. Mpira ukishautoka mkono wako, kuguswa hivyo hivyo kunageuka faulo, na akikushika, kukuzamisha au kukuvuta nyuma wakati huna mpira anatolewa nje kwa muda. Beki wangu alilazimika kuniachia na kurudi nyuma. Nilikuwa nje ya mita 6 kutoka langoni, na kwa sheria iliyoanza 2019 ningeweza kupiga langoni moja kwa moja. Niligeuka, nikapata pumzi, nikamtazama kipa. Nafasi ambayo chenga zangu zote zilishindwa kuileta ililetwa na kufungua vidole.

Hilo nalikazia sana kwa vijana wangu, kwani mtoto akipata kitu akakiachia anahisi amenyang'anywa. Mchezaji aliyekomaa anajua wakati gani mpira unamlinda na wakati gani unamfunga. Vilevile anajua thamani ya kumweka beki nyuma yake. Tangu 2019, mshambuliaji aliye ndani ya mita 6 akielekea lango, akizuiwa kutoka nyuma na mtu asiyecheza mpira, ni penalti. Kwa hiyo winga aliyeogelea akatanguliza kichwa na bega mbele ya beki, hata kama hajamwacha kwa mbali, amekwisha kumfunga mikono.

Katikati mambo ni mengine kabisa. Senta hupokea mpira karibu na lango, kama mita mbili au tatu hivi, mgongo wake ukielekea lango na beki akiwa amemlalia. Hapo hakuna viharusi vya kukimbia. Siku nilizochezeshwa nafasi hiyo nilikumbuka sana mkondo wa ami. Beki akikuegemea bega la kulia kwa uzito wake wote, ukimpinga mnasimama nyote wawili na sekunde zinakwenda. Ukimkubalia, ukaizungusha nyonga yako kuelekea upande anaousukuma, uzito wake unampeleka mbele na wewe unatokea pembeni mwake ukilitazama lango. Senta hodari haoni kwa macho; anaona kwa mgongo. Anasikia bega limehama, kifua kimepanda, na anageuka kabla beki mwenyewe hajajua kwamba amehama.

Watu wengi wanaujua mchezo huu kwa picha moja tu. Ni ile ya Ervin Zádor, mchezaji wa Hungary, akitoka majini usoni kukiwa na damu katika Olimpiki ya Melbourne, Desemba 1956, timu yake ilipoufunga Umoja wa Kisovieti 4–0, majuma machache baada ya vifaru vya Kisovieti kuyazima mapinduzi ya Budapest. Ngumi ya mpinzani ndiyo iliyompasua. Kwa sababu ya picha hiyo polo imebaki vichwani mwa watu kuwa ni vita. Bácsi hakupenda tuanzie hapo. Akiitaja mechi ile alimtaja Dezső Gyarmati, aliyecheza siku hiyo na ambaye alipata medali katika Olimpiki tano mfululizo, 1948 hadi 1964, tatu kati yake dhahabu, kisha akawa kocha wa timu iliyotwaa dhahabu mwaka 1976. Gyarmati alikuwa na mbio, na zaidi ya hilo alipiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Beki humkaba mshambuliaji kwa kuuziba upande wa mkono wake wa kupigia. Mtu asiye na upande mmoja hana pa kuzibwa. Ukiuegemea huu umemfungulia ule. Kwa maneno hayo bácsi alitupeleka majini kurusha kwa mkono wa kushoto, na wenye kushoto kwa kulia, hadi taa za bwawa zilipozimwa.

Mwaka 2022 Hungary iliandaa mashindano ya dunia, na baadhi ya mechi za makundi za polo zilichezwa Szeged. Bácsi alitupa agizo moja: chagua mchezaji mmoja, mtazame kipindi kizima, usiufuate mpira. Nilimchagua winga mmoja ambaye hakufunga bao lolote kipindi hicho wala hakugusa mpira sana. Nilichokiona kilibadilisha namna ninavyoufikiria mchezo mpaka leo. Kila shambulio aliogelea kwa kasi kulipita eneo la senta, na kila mara beki wake alilazimika kumfuata, na beki wa jirani akageuza kichwa kuhakikisha. Mara ile ile mwenzake wa nyuma alisogea mahali palipoachwa wazi na kupokea mpira bila mtu karibu. Mabao yaliandikwa kwa jina la mwingine. Mita moja unayoitafuta si lazima iwe yako, na timu ambayo kila mtu anaitafuta kwa ajili yake peke yake hujikuta imesongamana mahali pamoja, mabeki wakipumzika.

Na kuhusu miili: mtu aliyenifundisha kwa vitendo kuliko wote, nje ya bácsi, alikuwa msichana wa timu ya wanawake tuliyogawana nayo bwawa. Alikuwa mfupi, mabega ya kawaida. Tulipochanganywa kwenye mazoezi hakuna mwanamume aliyeweza kumkaba kipindi kizima. Alibadilisha mwendo wake bila kutoa dalili: polepole, polepole, halafu teke moja na ameshatoweka ubavuni mwako. Alikuwa na subira ya ajabu ya kungoja mkono wa beki ulegee. Ninapowaona wasichana wa Mombasa wamekaa ukingoni wakiwatazama kaka zao wakicheza, namkumbuka yeye.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana kuhusu sheria mpya ni hili. Uwanja mfupi unapunguza faida ya mwenye mbio ndefu, maana hana tena pa kuzitumia zote. Sekunde chache zinamwadhibu mwenye nguvu anayetaka kushindana na beki mpaka mmoja achoke, maana muda wa kuchoka haupo. Atakayefaidika ni yule anayeweza kumtoka beki kwa teke moja, akiwa ametulia, mara nyingi katika mechi moja. Mimi naziunga mkono sheria hizi. Zinaupeleka mchezo kwa watu wa umbo la kawaida wenye miguu iliyofundishwa, na watoto wa pwani yetu wengi ni wa umbo hilo.

Kinachotukosesha si vipaji. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Afrika Kusini ilipeleka timu za polo za wanaume na za wanawake, na msingi wa wachezaji wake ni shule zenye mabwawa na ligi za wanafunzi. Sisi tuna bahari mlangoni, lakini miguu ya polo haifundishiki vizuri penye mawimbi na mkondo, wala kwenye bwawa la kina cha kiuno ambamo mtoto akichoka anasimama. Mabwawa yenye kina yapo, mengi yakiwa mahotelini, na msimu wa wageni wachache hukaa matupu jioni nzima. Ninawaomba wenye mabwawa hayo watupe saa moja kwa juma upande wa kina cha mita 1.80 na zaidi, na saa nyingine kwa wasichana peke yao, mwokozi akiwa zamu. Mipira tunayo, na makocha tutajitolea.